Dokta Afe

"Mimi ningemuua," alisema msusi, kibanio kikiwa bado mdomoni. "Tena mapema. Asifike hata mwisho wa mwezi."

Mteja aliyekuwa kitini pake, mama wa makamo mwenye miwani, aligeuza kichwa. "Umuue nani, mwanangu?"

"Tulia, mama, utanipotezea mstari. Namsema huyo."

Kwenye runinga iliyotundikwa ukutani yalikuwa yakipita marudio ya tamthilia ya hospitali, ile iliyokuwa ikiwanyamazisha watu majumbani kila jioni. Daktari wake kijana, mabega kama ya kuchongwa, alikuwa amemwinamia mgonjwa.

"Mtazameni anavyoshika huo mkono. Anapima mapigo ya moyo au anachagua nyanya?"

Saluni ikacheka. Mwenye miwani hakucheka. Yeye ndiye aliyeiandika tamthilia hiyo tangu sehemu ya kwanza. Lakini mwandishi haonyeshwi sura, na pale saluni alijulikana tu kama mama wa Jumamosi.

Ilikuwa saluni ndogo ya viti vinne, nyuma ya jengo la kituo cha runinga. Msusi alihamia hapo akitokea saluni kubwa ya katikati ya mji, yenye wateja wa maana, na wenzake walimwona hana akili. Mwandishi alipoingia mara ya kwanza, msusi alimwacha mteja mwingine akiwa amesukwa nusu kichwa, akamwita kwenye kiti chake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumwachia mtu mwingine.

Na kila Jumamosi alimchambua Dokta, kama watu walivyomwita mwigizaji huyo.

"Muziki wanaomwekea akifiwa ndio unaolia. Yeye macho makavu kama kokoto. Uzimeni huo muziki muone kitakachobaki."

Jumamosi nyingine: "Ile filamu yake nayo! Saa mbili nzima anafukuzwa na majambazi, hatoki hata jasho. Wale wa kwenye gemu za simu wanaopigana ngumi, angalau wakipigwa wanakunja uso."

"Wewe nawe," alisema mwenzake wa kiti cha pili, "chuki zote hizi, utadhani alikukataa."

"Anikatae mimi? Ana ubavu huo?"

"Basi gazeti linasema hajaoa. Anatafuta mwanamke mwenye subira."

Msusi alicheka kicheko kikavu. "Mwenye subira! Ampate wapi?" Akauvuta msuko mpaka mwandishi akafumba macho. "Binti yangu ana miaka minne. Kila akimwona hapo kwenye runinga ananiuliza, mama, huyu nani? Mtu anaonekana kila siku ya Mungu, lakini mtoto hamshiki sura. Huyo ni mwigizaji huyo?"

Mwanzoni mwandishi alikuwa akirudi nyumbani na hasira. Msusi, mtu wa mafuta na chanuo, amfundishe kazi? Lakini akikaa mezani kuandika maneno ya Dokta, aliisikia ile sauti ya dharau sikioni, na maneno yakachacha. Akaanza kumtazama kijana wake kwa macho ya msusi. Kweli, mkono ule ulichagua nyanya. Kweli, macho yalikuwa makavu. Na siku hizi Dokta alikuwa akichelewa kazini, akikataa mistari, akitaka picha yake iwe kubwa kuliko ya wenzake wote kwenye mabango.

Jumamosi moja mwandishi aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka.

"Sasa mwanangu, Dokta akifa, tamthilia itabaki na nani?"

Mikono ya msusi ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Na yule nesi mnene mliyemficha kwenye chumba cha dawa," alisema. "Yule akinyamaza tu, mtu unaacha kula. Mpeni yeye wodi. Na Dokta msimfanyie kifo kikubwa, mama. Msimpe hotuba wala kitanda cha kufia. Simu ilie, nesi apokee, tuambiwe basi."

"Watu watalia."

"Watalia siku tatu. Ya nne watamuuliza nesi amekula nini."

Mwandishi aliandika sehemu hiyo kwa usiku mmoja, na wakubwa wa kituo, waliokuwa wamechoshwa na Dokta kuliko alivyodhani, waliipitisha bila kubadilisha neno. Ilirekodiwa Ijumaa. Nesi alipokea simu, akanyamaza, na fundi wa taa akajifuta macho kwa kiganja.

Kesho yake mwandishi alimwachia msusi bakshishi ambayo hakuwahi kumwachia mtu. Hakusema ni ya nini. Msusi naye hakuuliza.

Jumapili mchana msusi alikuwa kwake, anaanika nguo za mtoto, mlango ulipogongwa. Alifuta mikono, akafungua.

Dokta alikuwa amesimama kizingitini na masanduku mawili, miwani ya jua imepanda kwenye paji la uso.

"Wameniua," alisema. "Kwa simu! Hata kitanda hawakunipa. Na ile nyumba ya kituo niliyokuwa nakaa, funguo wamechukua jana."

Msusi akainama, akashika sanduku lililo zito zaidi, akaliingiza ndani.

"Pole sana, mume wangu," alisema. "Watu wale sanaa wataijulia wapi?"