Msichana wa Tatu Kwenye Picha

Mwalimu Fintan, aliyekuwa akiandika historia ya mji wao mdogo wa soko huko Ayalandi, alimwekea Bibi Nuala picha mezani. Wasichana walikuwa wamejipanga uwanjani, wakingoja wakulima wawachague kuwa watumishi.

“Huyu wa tatu ni nani, Bibi?”

“Mdogo wangu, Breda. Mkulima alinitaka mimi. Nikajifanya naumwa kifua, akamchukua yeye.”

“Alirudi lini?”

“Hakurudi. Homa ilimuua kabla ya Krismasi.”

Kwa miaka sabini Nuala alikuwa akiwaambia watu kwamba Breda alikwenda kwa hiari yake.

“Niandike kwamba ulijifanya mgonjwa, Bibi?”

“Andika.”

Nuala akaweka kiganja juu ya picha. Fintan aliponyoosha mkono kuichukua, Nuala hakukiondoa.