Kipaza cha Mlangoni kwa Shemsa

“Kwani neno ‘zawadi’ lilikushinda kuandika, Bi Mize?” jirani yake Shemsa alimuuliza, hata kuketi hakutaka.

Siku hizo kila pesa iliyotumwa kwa simu ilitangazwa na kipaza sauti mlangoni kwa mpokeaji: ametuma nani, na ni ya nini. Bi Mize, mjane mcha Mungu, alipomtumia Shemsa pesa aliogopa kusema uongo, akaandika “sadaka”. Kipaza kikatangaza wakati wageni waliokuja kumposa binti wa Shemsa wako sebuleni.

“Wameondoka na posa yao.”

“Nisamehe, mwanangu. Nilitafuta thawabu tu.”

“Umeipata?”

Bi Mize angeweza kupeleka unga mwenyewe, chini ya kanga. Ila unga hautangazwi, naye alipenda mtaa usikie jina lake. Alipofumbua mdomo akiri, Shemsa alikuwa keshavaa ndara, akatoka.