Saa Tano Asubuhi

"Ni bwege gani huyo aliyeihamishia mechi saa tano asubuhi?" Baba aliuliza kwenye simu. "Wewe si unafanya kazi nao huko kwenye televisheni?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kukamulia ng'ombe ikivuta maziwa.

Nilitazama wino mwekundu kidoleni mwangu.

Asubuhi ile bosi alitafuta mechi ya kujaza nafasi ya saa tano, Jumamosi ya wiki ijayo. Akaonyesha ya chuo anachosoma mdogo wangu, iliyokuwa saa nane na nusu mchana. "Kuna mwenye neno?" Wote walinyamaza. Nami nikanyamaza, nikachukua kalamu nyekundu, nikaibadilisha saa kwenye ubao wa ratiba.

Mdogo wangu huyo, Solveig, hupiga tuba, lile tarumbeta kubwa, katika bendi ya chuo, na mwaka huu anamaliza. Kabla ya mechi hiyo, wanaomaliza masomo huingia uwanjani wameshikana mikono na wazazi wao. Mama alishafariki. Baba humaliza kukamua saa tatu, na kutoka shambani kwetu Wisconsin mpaka uwanjani ni masaa matatu kwa gari.

"Mwambie huyo bwege ng'ombe hawatazami televisheni," alisema, akacheka kidogo. Kisha akazima mashine. "Basi, mwanangu, utaingia naye wewe. Suti nilishaipiga pasi, lakini haidhuru."

"Sawa, Baba."

"Na huyo bwege usimsahau."

"Nitamwambia," nilisema, nikiendelea kusugua kidole.