Muuaji Aliyeamkiwa

Katika filamu zote za zamani za hadithi hii, muuaji hakuwahi kusema neno. Mzee Shomari ndiye aliyemwigiza, kinyago usoni na panga mkononi, na watu walimtazama huku wamejifunika khanga. Sasa hadithi ile ilikuwa ikigeuzwa kuwa tamthilia ya vijana ya televisheni, na waliopaswa kufa ni wanafunzi wa sekondari, mmoja kila wiki.

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mchana uonekane kama usiku. Mwanakheri, aliyekuwa mgeni kwenye uigizaji, alitakiwa kufungua mlango, amwone muuaji, apige yowe. Asubuhi nzima yowe lake lilikuwa halimtishi mtu. Akikosea tena, nafasi angepewa mwingine.

Akafungua. Kinyago kile hapo.

"Shikamoo," akasema.

Mzee Shomari hakuwahi kuamkiwa na mtoto asiitikie. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, sauti nzito kutoka nyuma ya kinyago.

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Mwanakheri akaona haya. "Nisamehe, babu. Limenitoka tu."

Bi Tunu, mwongozaji, hakucheka. Mwili ulikuwa umemsisimka kwa hofu. "Huyu mtoto katupita sote," alisema taratibu. "Rudieni. Vilevile."

Wakarudia. Msichana akaamkia, muuaji akaitikia kwa upole. Kisha, bila kuambiwa na mtu, Mzee Shomari akavua viatu kizingitini, akaingia na panga lake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kamera ilibaki mlangoni, ikiviangalia vile viatu.