Sheria Iko Njiani

Hapo kale Bi Kanga, mkuu wa bondeni, alimpiga marufuku Kasuku kuiga sauti za akina mama, kwani vifaranga walikuwa wakizifuata hadi kinywani mwa Nguchiro.

"Msitu ni mmoja, na sheria iwe moja," akafoka Simba, mfalme wa msitu mzima. "Futa yako. Yangu iko njiani."

Kanga akafuta, akangoja. Kila alipouliza, aliambiwa, "Iko njiani, mama."

Asubuhi moja akasikia sauti yake mwenyewe ikiwaita wanawe kichakani, ilhali yeye hajafungua mdomo. Alipofika alikuta manyoya tu, na kitindamimba wake kajibanza nyasini.

"Njoo, mwanangu," Kanga akaita kwa upole.

Mtoto kusikia sauti ya mamaye, akatimua mbio.