Mbegu Zisizofukiwa

Mzee Hatibu alikuwa amelima mahindi miaka thelathini. Kwa hiyo alipoona mbegu za mkewe zimeachwa wazi juu ya udongo wa chungu, alizifukia kwa kiganja, akijiona kasaidia kweli.

"Baba Rehani," Bi Mwasiti alisema, "hizi hazifukiwi. Zinataka mwanga."

Alizipata kwa kuchavusha mimea ya aina mbili, yenye majani ya ulimbo yanayonasa wadudu, na mmea mama ulikuwa umeshakufa.

Hakugomba. Alivaa miwani, akalowesha ncha ya sindano, akaanza kuziokoa moja moja, mbegu laini kama ugoro. Mzee alikaa kando yake amebana pumzi hadi adhuhuri. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mkono uliotulia namna ile. Zilipatikana kumi na moja.

Wiki ya sita likachomoza jani moja, dogo kuliko punje ya mchele, liking'aa kwa ulimbo.

"Sasa linangoja nini?" Mzee aliuliza.

"Chakula chake."

Mzee akaenda jikoni, akarudi na ndizi iliyoiva mno, akaimenya kando ya chungu. Kisha yeye, adui mkubwa wa visubi wanaofuata matunda, akafungua dirisha na kuwangoja.