Kiu ya Pikipiki ya Mikate

"Fungua tena," Kinuthia alisema.

Fundi Kiema aliweka spana chini, akashusha pumzi. Kabureta hiyo alikuwa ameifungua na kuiosha mpaka amechoka nayo.

"Mzee, hii pikipiki ni nzima. Angalia plagi. Ingekuwa inachoma mafuta vibaya, ingekuwa nyeusi ti, imejaa masizi. Ona ilivyo, rangi ya chai ya maziwa. Chujio la hewa nimepuliza. Breki hazikwami kwenye gurudumu. Tangi halivuji hata tone. Sasa unataka nifungue nini?"

Kinuthia hakutaka kuambiwa pikipiki ni nzima. Alitaka kuambiwa petroli yake inaenda wapi. Mwaka huo wa sabini na tisa kupata petroli hapa Mutomo kulikuwa taabu tupu, mpaka iletwe kwa pipa kutoka Kitui mjini, na pikipiki hiyo ndiyo iliyopeleka mikate ya tanuri lake Ikutha kila asubuhi. Zamani tangi moja lilimaliza wiki. Tangu Pasaka halifiki hata katikati. Mikate nayo inachelewa, wenye maduka wananung'unika.

Basi kama si chombo, ni mtu.

Mtu mwenyewe, Muthama, alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Alikuwa ameiendesha pikipiki hiyo miaka mingi bila neno, na hilo ndilo lililomchoma Kinuthia zaidi. Pasaka hiyo hiyo Muthama alioa. Kinuthia hakwenda harusini, tanuri angemwachia nani, lakini alimpa ruhusa na kreti nzima ya mikate ya bure. Shukrani ndiyo hii. Kijana ameoa, nyumba inataka vitu, basi petroli ya mzee inafyonzwa kwa mpira na kuuzwa kwa chupa huko porini.

"Unapitia njia gani kwenda Ikutha?"

"Njia ni ya Ikutha tu, mzee."

"Umeoa ndio umejifunza kunijibu hivyo?"

Muthama alivaa kofia.

"Jaza tangi," Kinuthia alisema. "Leo nakaa nyuma yako. Tukifika Ikutha na petroli imebaki kama zamani, nimejua mwizi ni nani, na hutashika hii pikipiki tena. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Mvua haikuwa imenyesha, na shamba la baba yake Muthama halikutoa hata gunzi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ugali wa mkewe, na Kinuthia alilijua hilo vizuri. Lakini mtu anayeogopa kufukuzwa hujitetea. Huyu alinyamaza tu, na ukimya wake ulimkasirisha Kinuthia kuliko uongo wowote.

Walipofika njia panda, Muthama akakata kushoto. Kinuthia alimgonga begani.

"Wapi huku? Huku si ni kuzunguka mlima mzima?"

"Huku hakuna mchanga, mzee."

"Mchanga wa kivukoni umeanza kuuogopa lini? Rudi. Pita njia ya mto."

Kumbe soko lake la chupa liko huko mlimani, Kinuthia alijisemea. Mjinga ni mimi niliyemwamini.

Muthama aligeuza. Aliendesha polepole, na kadiri mto ulivyokaribia ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo. Kivuko hicho cha mto mkavu ni chembamba, mwamba huku na mwamba huku, na hapo katikati Mama Chai ameweka meko yake tangu enzi Kinuthia alipokuwa akiendesha mwenyewe. Jina lake halisi wapita njia hawakulijua. Ukipita ni lazima ukaribie kukanyaga sufuria zake. Zamani Muthama alikuwa akirudi na mihogo ya kuchemsha ya Mama Chai, anamletea mzee ikiwa bado na joto. Hata hiyo iliisha Pasaka.

Kabla ya kona ya mwisho pikipiki ikasimama. Muthama akashuka, akaiegemeza vizuri, akavuta kofia mpaka machoni na kujitosa kwenye miiba.

"Muthama! Wewe, Muthama!"

Matawi yakatikisika, shati likasikika likichanika.

Ametoroka. Mchana kweupe, mbele ya macho yake, na mikate imefungwa nyuma. Kinuthia alikamata usukani. Akapanda mwenyewe, hajaendesha miaka, akaishusha pikipiki kwa shida mpaka kwenye meko ya Mama Chai na kuizima. Hakusalimu.

"Mama, kutoka leo ukimwona yule kijana wangu hapa, jua ni mwizi. Ameniibia petroli tangu Pasaka, na leo nimemshika, amekimbilia porini. Kazi yake imekwisha. Nitamtangaza mpaka kanisani."

Mama Chai hakugeuka. Alikuwa amesimama akiuelekea mwamba, leso ameivuta kutoka kichwani mpaka kidevuni. Chai ilikuwa inafurika na kuzima moto, wala hakuiangalia.

"Ameshapita?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kama bado, mwambie apite tu, mimi sitageuka. Kwetu mkwe na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Mume wa binti yangu Mbinya asichomwe na miiba kwa sababu yangu."